Wifi Yangu na Mbwa wa Mwenye Mbao

Watu wa mtaani kwetu husema wifi yangu ana roho nyepesi. Wanaosema hivyo hawajawahi kumkosea. Kwa wanyama, sawa, yule ni mama. Lakini umkosee wewe mwenye miguu miwili! Ataitikia salamu yako, atakupisha njiani, na moyoni amekuweka akiba. Mimi hasira zangu ziko karibu, napayuka kisha nacheka. Yeye ni kimya kingi, na kimya kingi mnajua wenyewe kina mshindo gani.

Ni dobi katika nyumba ya wageni. Mashuka na mataulo ya watu wasiojulikana yamempitia mikononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe ncha zote. Taulo zikichakaa, msimamizi humwachia, na hizo ndizo matandiko ya wagonjwa wake, maana uani kwake ni hospitali. Makasha ya matunda yamepangwa ukutani, kila moja na paka wake: huyu mwenye jicho moja, yule aliyetupwa akiwa amefungiwa kwenye mfuko wa saruji, yule mwingine aliyevunjwa mguu kwa jiwe na sasa anatembea kwa maringo. Kuna ndoo za plastiki zilizokatwa vitako, huvalishwa shingoni mgonjwa asilambe kidonda. Kuna bomba la sindano lisilo na sindano, la kunyweshea vitoto maziwa. Na kuna sufuria ya mapafu inayotokota hadi majirani wanafunga madirisha. Kaka yangu, mumewe, ni fundi cherehani, mpole hadi anakera. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, humu ndani mimi ndiye mgeni. Wenyeji wako kwenye makasha."

Sasa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala la mbao. Mwenyewe tulimwita Mwenye Mbao, tumbo mbele, penseli sikioni, sauti ya kumwamsha maiti. Alikuwa na imani yake kwamba mbwa akipewa njaa na fimbo huwa mkali. Basi mbwa wake walikuwa na njaa na fimbo, na mnyororo usiovuliwa tangu mbwa ni mdogo hadi anakuwa mkubwa.

Jioni moja wifi alitoka kazini, akapita nyuma ya ghala wanapomwaga vumbi la mbao, akasikia kitu kinakoroma. Alinijia mbio. "Wifi, lete shuka na mikono yako." Mikono yangu mnaifahamu, napika chakula cha shule, nageuza sufuria ambazo wanaume hawazigusi. Tukamkuta mbwa amezikwa nusu kwenye vumbi. Mnyororo ulikuwa umeingia shingoni na nyama imeota juu yake. Nasema nyama imeota juu yake! Nzi hata hawakuruka tulipofika.

Daktari wa mifugo, mwanamama asiye na maneno mengi, alikata ule mnyororo kwa koleo huku mimi nimeshika kichwa. Nilitoka nje nikatapika, sioni haya kusema. Niliporudi wifi alikuwa ameinama anachomoa funza mmoja mmoja kwa kibano, midomo inacheza. Nikadhani anaomba dua. Nikasogeza sikio. Thubutu! Alikuwa anamlaani Mwenye Mbao, kiungo kwa kiungo, kuanzia kucha za miguu, na ndiyo kwanza alikuwa amefika magotini.

Asubuhi akaenda ghalani, nami nikamfuata. Wateja walikuwapo, wanapima mbao.

"Mbwa wako yuko kwangu," wifi akasema. "Hakufa."

Mwenye Mbao akacheka. "Nilishamtupa, mama. Ukiokota takataka ni zako."

"Umesema ni wangu?"

"Wako, na viroboto vyake!"

Wateja wakacheka pia. Wifi akashukuru, akageuka. Mimi nilitaka kumrushia ubao. Wifi akanishika mkono, akaniambia polepole, "Acha. Kwanza mgonjwa apone."

Na kumponya ilikuwa kazi. Kidonda kilifunga, manyoya yakaota, lakini mbwa aliogopa mkono. Si mtu, mkono. Ukiinua mkono kujikuna sikio tu, anajikojolea. Alikula chombo kikiwekwa chini na watu wote wakatoka uani, basi. Kaka akasema, "Anakula, analala, haongei na mtu wala hasemi ataondoka lini. Huyu ni shemeji." Jina likamganda. Mtaa mzima ukawa unamwita Shemeji, na mimi nikapata ndugu mwenye mkia.

Hapo ndipo wifi alipoweka ile sheria yake. Hakuna mgeni kukaribishwa kiti kabla hajampa Shemeji chakula kwa mkono wake. Awe nani! Umekuja kudai nguo yako kwa fundi? Chukua kipande cha pafu, chuchumaa, nyoosha kiganja, subiri. Muuza mboga alichuchumaa. Fundi umeme alichuchumaa na waya zake shingoni. Mwenye nyumba, mzee wa suti, alikuja kuangalia bati linalovuja akaambiwa achuchumae, akachuchumaa mpaka magoti yakalia. Mimi nilikataa, nikasema sijazaliwa kumbembeleza mbwa. Wifi akanijibu, "Basi simama, wifi yangu, ukichoka mlango uko pale." Nikasimama. Miguu ikaniuma, nikachuchumaa. Shemeji akaja tumbo chini, anatetemeka, akachukua kile kipande kwenye kiganja changu kwa ncha ya meno, taratibu kama anayeogopa kuniamsha. Jamani, nililia. Mimi!

Ikawa hivyo mwezi kwa mwezi, mpaka hapakuwa na mtu mtaani ambaye hajalambwa kiganja. Shemeji akanenepa, manyoya yakang'aa, kifua kikatanuka. Alikuwa na umbo la kutisha na tabia ya bibi harusi. Akiona mtu yeyote, hata asiyemjua, alimkimbilia na kumwekea pua mkononi.

Umbo hilo ndilo lililotuponza. Mwenye Mbao alimwona barabarani, dume zima lenye kifua, na ghalani kwake mbwa mwingine alikuwa amekufa kwa njaa ileile. Akaja kwetu na mwenyekiti wa mtaa.

"Nimekuja kumchukua mbwa wangu," akasema, bila hata hodi.

Wifi alikuwa anamfuta paka masikio. Hakuinuka. "Ulisema umemtupa. Mbele ya watu."

"Mimi? Nani alisikia?"

Mwenyekiti akakohoa. Mwenyekiti huyu alikuwa anaezeka nyumba yake, na mbao anazipata wapi, msiniulize. Akasema mali ni ya mwenyewe hata ikizurura. Kisha akazungusha macho uani, kasha kwa kasha. "Na hawa wote, mama, una kibali cha kufuga? Nikisema waondolewe leo, wataondolewa leo."

Nilinyanyuka. Nilimwambia mwenyekiti mambo ambayo mama yangu angenipiga kofi. Kaka akanishika kiuno. Nilikuwa namtazama wifi, nangoja alipuke. Wapi! Aliangalia makasha yake, paka mmoja mmoja. Akasimama, akamvisha Shemeji ukanda mpana wa kitambaa alioshonewa na kaka, akampa Mwenye Mbao kamba.

"Usimfunge mnyororo," akasema. "Shingo yake bado nyepesi."

"Nitamfunga ninavyotaka. Ni wangu."

"Haya. Ni wako."

Shemeji aliondoka anatikisa mkia, akamlamba mwenyekiti kidole akipita. Mimi nilivunja sahani mbili jikoni. Wifi alifagia vigae, akarudi kwenye masikio ya paka.

Mnyororo alifungwa siku hiyohiyo. Kila asubuhi wifi alipita uzioni akienda kazini, akasimama, akatazama, akaondoka. Chakula akirusha, Mwenye Mbao anakikanyaga. Nikamwambia, "Wifi, nipe ruhusa tu. Namwaga mchanga kwenye tangi la lori lake." Akasema hapana. Nikasema nitamtangaza shuleni, sokoni, kila mahali. Akasema hapana. "Kisasi chako kina haraka, wifi. Changu nimeshakipika, kinapoa." Nikadhani uchungu umemvuruga kichwa.

Halafu ikaja ile siku ya mapumziko. Ghala limefungwa, jua kali mchana kweupe, mtaa mzima uko barazani. Likaja lori, wakashuka wanaume wanne wenye ovaroli, wakafungua geti kama watu wa pale. Shemeji akainuka. Akawakimbilia mpaka mnyororo ukamkata mbio, mkia unapiga huku na huku. Mmoja wao akanyoosha kiganja na kipande cha mkate. Kwisha habari. Walipakia mbao zote nzuri, wakapakia na msumeno wa umeme, wakamkuna Shemeji masikio, wakafunga geti vizuri, wakaenda zao.

Na sisi? Sisi tulitazama. Muuza mboga aliuliza, "Hao ni wateja?" Fundi umeme akasema, "Wangekuwa wezi si mbwa angebweka?" Wote tukakubali kwamba angebweka. Hilo ndilo tulilomwambia Mwenye Mbao baadaye, tena kwa sura za huzuni. Malipo ni hapa hapa duniani, na siku ile tuliyaona yakipakiwa ubao kwa ubao.

Alirudi alasiri, na tulisikia ukelele wake kabla hajamaliza kufungua geti. Mwenyekiti akaitwa, akaja anatweta. Kisha Mwenye Mbao akaokota ubao, akamwendea mbwa.

Wifi alikuwa kwenye zamu kazini. Nilituma pikipiki ikamlete, nikakimbilia getini na watu wote wa barazani nyuma yangu. Ubao ulishashuka mara moja, mgongoni. Shemeji hakulia, alijibana ukutani na mkojo unamtoka. Ulipoinuliwa tena nilimshika Mwenye Mbao kifundo cha mkono, kwa huu mkono wa kugeuzia sufuria, na nikaona furaha ambayo sijawahi kuiona hata siku ya harusi yangu. Mwenye nyumba wa suti alikuwa kando yangu, na muuza mboga kashika jiwe la mizani.

Wifi akaingia na sare yake ya udobi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakukimbia.

"Umeniharibia mbwa!" Mwenye Mbao akanguruma. "Mbwa gani huyu, analamba wezi!"

"Ndiyo," wifi akasema. "Nimemharibu. Nilimharibu kwa makusudi, kwa mkono wa kila mtu unayemwona hapa. Ungeniuliza siku ile ulipomchukua ningekwambia hafai ulinzi. Hukuniuliza. Ukasema ni wako."

Kumbe ndicho alichokuwa amekipika!

"Sasa na mimi nauliza, na mwenyekiti asikie vizuri, maana siku zingine masikio humsumbua. Mbwa huyu ni wa nani?"

"Si wangu! Sitaki kumwona! Mtoe hapa!"

"Mwenyekiti, umesikia?"

Mwenyekiti aliangalia jiwe la mizani. "Nimesikia," akasema.

"Basi mfungue," wifi akamwambia Mwenye Mbao.

"Mfungue mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyemfunga."

Nikamwachia kifundo cha mkono ili aweze, lakini sikusogea, na hakuna aliyesogea. Akatazama huku na huku, akaona hana pa kutokea. Kufuli lilikuwa shingoni, na mbwa amejibana chini kabisa ukutani. Hakukuwa na njia nyingine, ilibidi apige magoti. Akapiga magoti, suruali yake safi kwenye ule mkojo, tumbo linamzuia, penseli ikamdondoka sikioni. Ufunguo ukakataa kuingia, akaugeuza, ukakataa tena. Watoto walikuwa wamepanda juu ya uzio. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: Shemeji, leo ng'ata. Pua, sikio, chagua mwenyewe. Nilimtazama wifi nikaona na yeye anaomba hilohilo, midomo inacheza kama siku ya wale funza.

Kufuli likafunguka. Mnyororo ukaanguka. Mkono wa Mwenye Mbao ukabaki pale hewani, mbele ya mdomo wa mbwa.

Shemeji akanusa kile kiganja. Akakilamba.

Muuza mboga akaangua kilio. Mwenye nyumba akavua miwani. Hata Mwenye Mbao, haki ya Mungu, uso ulimlegea, akawa kama mtu anayetaka kusema kitu, akaanza kuinua mkono wa pili ampapase.

Wifi akamvuta mbwa. Akachuchumaa, akamfungua mdomo, akakunja pindo la sare yake, na mbele ya mtaa mzima akamfuta ulimi, juu na chini, taratibu, mpaka aliporidhika kwamba umetakata. Kisha akampeleka nyumbani.