Emilia na Zile Nyuzi za Kilindo

Mjukuu wangu Emilia alizaliwa kimya. Mkunga alimpiga kofi mara mbili ndipo akalia, tena kidogo, basi tu asionekane mkaidi. Hapa kijijini Haneti wenzake wakicheza ngoma, yeye yuko ndani anachambua mbegu zangu. Kile kilindo changu cha gome, nilichoachiwa na mama cha kutunzia mbegu, alikipanga chote: uwele huku, mtama mweupe kule, kila furushi na uzi wa rangi yake. Mimi niliishia darasa la pili, lakini kwa zile nyuzi sijawahi kupanda kitu sicho.

Jirani yangu Dorothea ana binti yake, Angelina. Huyo alizaliwa anaongea. Shikamoo yake inatoka ng'ambo ya barabara mpaka kuku wanakimbia. Yeye na Emilia wakamaliza kidato cha sita pamoja. Dorothea akanikuta kwenye mashine ya kusaga, foleni yote inasikia.

"Mama Matonya, wangu anaomba kusoma sheria, chuoni Chimwaga. Wako je?"

"Sheria vilevile," nikasema. Sikuwa nimemuuliza mtoto.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Emilia. Akainama.

"Bibi, mimi kusimama mbele za watu siwezi. Nataka kusomea kutunza nyaraka."

"Nyaraka ndiyo nini?"

"Makaratasi ya ofisini, ya mahakamani. Kuyapanga yasipotee."

"Yaani Angelina aseme, wewe umpangie makaratasi?"

Akarudi kwenye mbegu. Nikampeleka mwenyewe kwa Obedi mwenye kompyuta, anayewajazia vijana maombi ya chuo, nikakaa pale mpaka Obedi akaniapia ameandika sheria. "Sawa, Bibi," akasema Emilia. Nikarudi natembea kifua mbele.

Majibu yakatoka. Angelina, sheria. Emilia, nyaraka. Kumbe kesho yake alirudi kwa Obedi akabadilisha.

"Umenidanganya!"

"Nilikwambia siwezi, Bibi. Hukusikia kwa sababu sikupiga kelele."

Nikamnunia wiki tatu. Kumnunia mtoto wa namna ile ni kazi bure, nadhani hata alifurahi. Siku ya kuondoka alipiga magoti kuniaga. Mkono nilimpa, neno sikumpa.

Dorothea mpaka leo anapita na habari za mwanasheria wake, na roho inaniuma, sifichi. Lakini msimu huu mvua ilipoanza, alikuja mlangoni kwangu mpole. Mbegu zake zilikuwa zimechanganyika, hajui ipi ni ipi.

"Mama Matonya, nisaidie uwele ule unaowahi kukomaa."

Nikafungua kilindo, nikavuta furushi la uzi mwekundu bila kuuliza mtu. Nikampimia kikombe kimoja, tena hakikujaa.

"Kimoja tu, jamani?"

"Kingine kaombe kwa mwanasheria."

Alipotoka nikaona chini kabisa ya kilindo kuna furushi lenye uzi wa kijani. Hilo sikulijua, Emilia aliliweka kabla ya kwenda chuoni. Nikampigia simu Emilia. Sijamsamehe. Nilitaka kujua habari ya ule uzi tu.

Akaeleza, akaeleza, ni mbegu gani, inapandwa lini, mtoto asiyejua kuongea. Nikamwambia salio linaisha. Akasema atapiga yeye.