Bodi Zisizo na Alama za Sindano

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunatengeneza kontrola za sola hapa Wete, vile visanduku vinavyozuia betri isijae kupita kiasi. Mimi nalehemu, yeye anauza na kusikiliza malalamiko. Bodi tupu, zenye njia za shaba tu bila ya kifaa chochote juu yake, tunaziagiza kiwandani ng'ambo kwa mchoro wetu wenyewe.

Mwaka huu tulianza kutumia mzigo mpya wa bodi, na haukupita muda mzee mmoja wa Makangale akaturudishia kontrola yake. Aliiweka mezani akaisukuma kwa kidole, kama mtu anayeogopa kuishika.

"Mwanangu, kitu chenu kinanuka moshi. Nimekichomoa kabla hakijanichomea nyumba."

Wifi alimpoza kwa maneno mazuri, akampa nyingine ya mzigo wa zamani. Mzee alipoondoka akanigeukia.

"Wifi, hii ulilehemu kwa haraka?"

"Sikulehemu kwa haraka."

"Basi."

Hilo "basi" lake lilinikaa rohoni. Tokea hapo akawa anavuta kiti karibu na meza yangu, ati upande wake feni haifiki, na kila nikiinua kichwa namkuta ananitizama mikono. Kwa kutizamwa huko, na mimi nikaanza kutoiamini mikono yangu.

Nikaifumua kontrola ile kifaa kimoja kimoja, nisione kosa langu. Bodi ilipobaki tupu, nikagusisha ncha za mita ya kupimia umeme kwenye njia mbili zilizo jirani ambazo hazitakiwi kukutana popote. Mita ikalia: zimekutana.

Nilijua atasema nimeiunguza mimi. Kwa hiyo nikamwita, nikampa mkasi, akafungua mwenyewe pakiti ambayo haijaguswa, akapima mwenyewe. Bodi za mwanzo zilinyamaza. Kisha moja ikalia.

"Hii hujaitia mkono," alisema polepole.

"Sijaitia."

Kila pakiti imeandikwa kwamba bodi zote zimepimwa kwa umeme kiwandani. Mashine za kupimia hugusa miisho ya kila njia kwa sindano, na sindano huacha vidoti pale pa kulehemia. Nikachukua lenzi. Bodi za zamani zilizobaki kwenye droo zilikuwa na vidoti hivyo. Hizi mpya zilikuwa laini, hazina hata mkwaruzo.

Nikawaandikia wenye kiwanda. Walijibu kwa adabu nyingi: sindano zao za siku hizi ni laini, haziachi alama, hata hivyo watatuletea bodi nyingine. Adabu ile ndiyo iliyonizidishia shaka.

Bodi za badala zilipofika, wifi aliiwahi lenzi kabla yangu. Vidoti vilikuwepo, kila pahali.

"Kumbe sindano zao zimekuwa ngumu tena," alisema.

Hakuniomba radhi, wala sikungoja aniombe. Siku hizi hatulehemu bodi ambayo haijapita kwenye mita yetu. Yeye ndiye anayepima, kisha hunikabidhi. Nikimaliza kulehemu huichukua, akaipima tena, na nikimuuliza sababu hunijibu kwamba hakiamini kile kiwanda.