Usicheke, Mzee

Tulipofungua wakala wetu wa picha za habari katika chumba kimoja pale Kaloleni, Kisumu, mwenzangu alikuwa na kamera, nami nilikuwa na mdomo. Yeye alipiga, mimi niliuza. Wahariri wa Nairobi walitupenda sana, hasa ziwa lilipofurika au vijana walipochoma matairi. Kisumu ikitulia, hawakupokea simu.

Kazi ilikuwa na kanuni moja. Mtu wa huku akiona kamera hucheka na kupunga mkono, hata kama maji yamefika kwenye godoro. Sasa nani atanunua mafuriko yanayocheka? Basi mimi nilisimama kando nikiamuru, "Usicheke, Mzee. Fikiria nyumba yako." Waliocheka tuliwafuta. Biashara ikanoga, tukanunua makoti yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia.

Halafu kila mtu wa bodaboda akapata simu yenye kamera. Kabla hatujafunga kamba za viatu, picha ilishafika Nairobi, bure, na mhariri ameshasema asante. Bure haina punguzo, nilijaribu.

Tulikuwa tunafunga virago alipoingia mjane kutoka Port Victoria. Mumewe, mvuvi, angezikwa Jumamosi, na hakukuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza.

"Nyinyi mlimpiga wakati wa mafuriko," alisema. "Nakumbuka hayo makoti."

Tulimpata. Picha tatu, nikazihesabu tena kwa mazoea. Uso umekunjamana, macho chini. Kazi safi.

Mama alizitazama. "Huyu ni nani?"

"Si mzee wako?"

"Wangu alicheka hata kanisani, mpaka mchungaji akamsogeza nyuma. Huyu ni wenu."

"Mama, hii iliuzwa mpaka Ulaya."

"Basi wamzike huko Ulaya."

Mwenzangu akatazama viatu vyake. Aliyetuokoa ni mtu wa bodaboda aliyemleta mama, jirani yake wa nyumbani. Alitoa simu, akapekua, akatuonyesha picha ya siku ileile: mzee yumo majini hadi kiunoni, meno yote nje. Pembeni niko mimi, koti na mifuko yake, nimenyoosha kidole kumkataza.

Tuliikuza ili tuitie fremu. Ndiyo kazi ya mwisho ya wakala wetu, na picha haikuwa yetu.

Mama aliweka kucha juu ya uso wangu. "Huyu mtoeni."

Kwa mara ya kwanza maishani, sikubishana.