Mwalimu Breki Atafuta Gemu ya Peke Yake

Hata akiwa kwake sebuleni, amejinyoosha kwenye kochi na hana habari na mtu, mguu wa kulia wa Mwalimu Breki haukutulia. Gari likipiga honi nje, mguu unakanyaga zulia. Sahani ikidondoka jikoni, mguu unakanyaga zulia. Zulia lenyewe lilishatoboka pale pale mahali pamoja, mkewe akalitia kiraka, na kiraka nacho kikatoboka.

"Baba watoto," mkewe alikuwa akimwambia, "hii nyumba haiendi popote. Iache ipumzike."

Naye anacheka, anaukunja mguu chini ya kochi, na kabla chai haijapoa mguu umesharudi kazini.

Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Aliyepita shule ya udereva anajua gari lake lilivyo: mwanafunzi anakaa kwenye usukani, mwalimu anakaa kiti cha pembeni, na chini ya miguu ya mwalimu kuna breki ya pili, ya dharura, ili mwanafunzi akizubaa mwalimu aokoe jahazi. Ya dharura, nimesema. Kwa mzee huyu dharura ilianza pale gari linapowashwa. Paka akichungulia kichochoro cha mbele, anakanyaga. Jani likidondoka, anakanyaga. Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Breki, likamganda mpaka wakwe zake wakalisahau lile alilopewa na wazazi.

Lakini msimcheke bado. Miaka ya mwanzo ya kazi, mwanafunzi wake mmoja alimgonga mtu wa baiskeli kwenye kona. Mwalimu alikuwa pale pale pembeni, anasimulia kisa fulani, na mguu ukachelewa kidogo tu. Yule mtu alipona, ila alitembelea mkongojo kwa muda mrefu, na kila walipokutana njiani alimsalimia mwalimu vizuri, bila kinyongo. Hiyo salamu ndiyo ilimmaliza. Afadhali angetukanwa. Tangu hapo kila asubuhi aliingia kwenye gari la shule akiwa na hofu, na hofu hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Basi wanafunzi walimpenda kupita kiasi, maana tangu ajali ile, ndani ya gari lake hakuna aliyekwaruza hata kioo cha pembeni. Balaa lilikuwa siku ya mtihani. Siku hiyo kwenye kiti cha pembeni anakaa mtahini, bwana mmoja mkavu asiyecheka, na mtahini akikanyaga breki yeye, wewe umeshafeli. Wanafunzi wa Mwalimu Breki walikuwa wakifika kwenye mstari wa kusimama, wanaupita kwa heshima zote, wakingoja gari lisimame. Mkunga wa zahanati ya jirani, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa, alifeli hivyo hivyo mara ya tatu. Alipoulizwa mbona hakukanyaga breki alijibu bila hila yoyote, "Siku zote huwa linasimama."

Mwenye shule alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na sauti ile ikizidi kushuka watu walitafuta pa kupita. Alimwita mwalimu ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini hii ni shule ya udereva, siyo ya kubebwa. Mkunga anarudia mtihani mwisho wa mwezi. Akifeli tena, utaniachia funguo za gari, utakaa mapokezi uandikishe wanafunzi."

"Mimi? Mapokezi?"

"Pale hakuna breki," alisema mwenye shule, wala hakuwa anatania.

Jamani, mtu aliyekaa kwenye gari nusu ya maisha yake, ukimweka nyuma ya meza si umemzika? Alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Mkewe akamuuliza kulikoni, akasema kichwa. Mkewe hakuamini, ila alimjua mumewe: ukimvuta anazidi kujifungia. Akampigia simu binti yao, kitinda mimba, anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya bima.

Binti alikuja Jumamosi amekumbatia kompyuta kuukuu ambayo ofisi yake ilikuwa imeitupa. Akaiweka juu ya meza ya chakula, akafuta vumbi kwa ukingo wa kanga ya mama yake.

"Baba, wewe hujui kupumzika. Nimekuwekea gemu. Unataka za kucheza na watu mtandaoni au za mtu mmoja?"

"Watu nimeshinda nao wiki nzima," alisema. "Nipe za mtu mmoja. Nisiwe na mtu pembeni."

Kumbe kuchagua nako ni kazi. Walianza na mpira, lakini mwalimu hakuelewa kwa nini amwongoze mchezaji ambaye mwenyewe ana miguu. Wakaingia kwenye gemu ya vita. Adui wa kwanza alikuwa amempa mgongo. "Huyu amenifanyia nini?" aliuliza, akajibanza nyuma ya ukuta na bunduki yake mpaka binti akachoka kungoja. Ikaja ya kulima shamba, unapanda, unamwagilia, unangoja mvua. Ilikuwa nzuri, ila alisema uvivu wa kungoja anao tayari, hahitaji mashine ya kumfundisha. Ya kupanga matofali yanayoanguka kutoka juu ilimpandisha presha. Matofali yalikuja tu, moja juu ya jingine, na hapakuwa na pa kuyasimamisha.

Mbio za magari binti aliziweka za mwisho kwa makusudi, mjanja yule. Mwalimu alipoona usukani kwenye kioo, mkono wake ulikwenda begani kutafuta mkanda. Akangoja taa ya kijani. Akatazama vioo. Akawasha indiketa, ambayo gari lile halikuwa nayo, kwa hiyo alikuwa anabonyeza vitufe ovyo. Alipotoka, taratibu, wenzake walikuwa wanarudi mzunguko wa pili, naye akasogea kando akawapisha.

"Baba, ni mashindano," binti alisema, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Na wao wana watoto nyumbani."

Ilibaki moja ambayo hata binti hakuiona ya maana. Gemu ya lori. Unapewa mzigo, unaonyeshwa barabara, unakwenda. Hakuna wa kushindana naye wala wa kumpiga risasi. Shehena ilikuwa machungwa. Mvua ilinyesha kwenye kioo, wipa zikaifuta. Barabara ilikuwa ndefu na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Mwalimu akavuta kiti chake karibu na meza.

"Hii iache," alisema.

Kuanzia hapo kila akitoka kazini, kabla ya kuoga, alikuwa kwenye lori. Na hebu sikieni: mwalimu wa udereva, aliyefundisha mji mzima, alikuwa haendeshi gari lolote la maana. Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo alikaa pembeni, usukani aliushika tu kupeleka gari la shule kuoshwa. Kulikuwa na kona moja ya mteremko ambayo ilimtupa mtaroni kila siku, machungwa yote chini. Hakuna aliyemshikia breki. Kioo kinaingia giza, kisha lori liko tena juu ya mteremko, zima, na machungwa yamejaa. Akawa anajaribu gia hii, anajaribu ile. Siku aliyoipita kona ile bila kudondosha hata chungwa moja, alijipigia makofi mwenyewe sebuleni. Alikuwa amekosea kadiri alivyotaka na hakuna aliyeumia. Alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia ndani ya gari la kweli.

Jumapili moja mkewe akasogeza kigoda, akakaa pembeni yake na bakuli la karanga, kuona ni kitu gani hicho kinachomnyima mume.

"Punguza," alisema, hata kona ya kwanza hawajaifikia.

"Nimepunguza."

"Punguza, bwana. Huoni kuna gari linakuja?"

"Nimeliona, mama watoto."

"Haya. Mimi nasema tu."

Wakafika kwenye ule mteremko. Mwalimu alikuwa ameshajipanga, gia ameshaishusha, jicho liko kwenye kona, mara mkewe akamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Lori likapinda, likabiringika mtaroni. Machungwa yakatapakaa barabara nzima.

"Unaona sasa?" mkewe alisema. "Nisingekushika ingekuwaje?"

"Kona hii naijua," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Naijua kuliko sebule hii. Nimeanguka kwa sababu umenishika."

"Nilikuwa nakusaidia. Niliogopa."

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo mwalimu aliliona. Alitazama kiraka kilichotoboka kwenye zulia, akatazama mguu wake uliokuwa juu ya kiraka hicho. Kisha akaizima kompyuta, akamweleza mkewe yote: mapokezi, mkunga, mwenye shule, na mtu wa baiskeli, ambaye hakuwahi kumtaja ndani ya nyumba ile.

Mkewe alisikiliza mpaka karanga akazisahau.

"Huyo wa baiskeli," aliuliza, "si ndiye huyu anayetuletea maziwa kwa baiskeli?"

"Ndiye."

"Mbona anatembea vizuri tu?"

"Najua."

"Basi anayechechemea ni wewe," mkewe alisema. Akamkanda bega kidogo, kisha akachukua bakuli lake akaenda kuinjika chakula.

Kesho yake mwalimu hakumpeleka mkunga barabarani. Alimpeleka kwenye uwanja wa mazoezi, mahali peupe pasipo na mtu, akapanga mapipa matupu ya plastiki. Akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, akaikunja miguu yote miwili nyuma, chini ya kiti.

"Leo sikanyagi," alisema. "Barabarani nitakanyaga pale tu roho ya mtu ikiwa hatarini. Hapa kuna mapipa tu. Ukigonga, umegonga pipa."

"Unaniacha peke yangu, Mwalimu?"

"Siendi popote. Nimekaa hapa."

Mkunga akawasha gari. Pipa la kwanza likaja taratibu, likazidi kuja, na mwalimu alisikia paja lake linakaza mpaka linauma. Hakuutoa mguu. Pipa likapigwa, likaruka, likabingirika mpaka uani kwa watu. Mkunga alibaki ameshika usukani.

"Nimegonga," alisema.

"Umegonga pipa. Rudi nyuma, tuanze upya."

Aligonga mengi siku ile. Mwalimu alitokwa jasho mpaka shati likamganda mgongoni, na mara mbili alitaka kusema inatosha, turudi. Mpaka pakawa na pipa ambalo halikuruka. Gari lilisimama mbele yake, kimya, na mkunga akainama haraka kutazama chini ya miguu ya mwalimu. Miguu bado ilikuwa nyuma, imekunjwa.

"Nani amelisimamisha?"

"Kwani humu ndani tuko wangapi?"

Mkunga alitazama mguu wake mwenyewe uliokuwa juu ya breki, akaanza kucheka. "Wanawake wangu kule wodini huwa wananililia niwasaidie kusukuma," alisema. "Nawaambia mama, mimi nimekushika mkono tu, wa kusukuma ni wewe. Kumbe mimi mwenyewe nakuja hapa unanisukumia."

Siku ya mtihani mwalimu alisimama kwenye uzio pamoja na mwenye shule. Gari lilitoka na mkunga kwenye usukani na mtahini mkavu pembeni, likazunguka, likanyoosha kuuelekea mstari wa kusimama. Mguu wa mwalimu ukakanyaga udongo. Gari likazidi kuja. Akakanyaga tena, akajisikia mjinga, na macho akayafumba. Alipoyafumbua, gari lilikuwa limesimama nyuma ya mstari na mkunga anatazama kushoto na kulia bila haraka, kama mama anayevusha watoto.

Mwenye shule alitazama shimo ambalo kiatu cha mwalimu kilikuwa kimechimba kwenye udongo.

"Mapokezi nitatafuta mtu mwingine," alisema, akaondoka.

Mwalimu alikwenda nyumbani kwa miguu ili furaha imtoshe njiani. Akamkuta mkewe kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anaendesha lori.

"Amepita?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

"Amepita."

"Nilijua. Niache kwanza, nina machungwa."

Mwalimu akavuta kigoda, akakaa pembeni. Kona ya mteremko ilikuwa inakuja, na mwendo ulikuwa mkubwa mno, hata kipofu angejua. Mguu wake ukanyanyuka. Akaurudisha, akaubana nyuma ya mguu wa kigoda, na mikono akaikalia. Lori likapita kona lilivyotaka lenyewe, likabiringika mtaroni, na machungwa yakaenda zake.

Mkewe aligeuka, mikono kiunoni. "We mwanaume, umekaa hapo unaniona naanguka, hata neno moja?"

"Nimekaa hapa," alisema.

Mkewe alimtazama usoni, kisha akatazama chini, ule mguu ulivyobanwa nyuma ya kigoda unatetemeka.

"Haya," alisema. "Usiondoke."

Akarudi juu ya mteremko, akaanza tena.