Simu Inayokula Laini Moja

Siwezi kumsingizia yule kijana wa duka la simu karibu na feri. Aliniambia kabla sijatoa pesa. "Mama, hii rahisi ni ya kampuni, inakula laini yao peke yake. Ile pale inakula laini yoyote, ila bei yake imesimama." Nikaitikia, naam, nimefahamu. Nadhani sikufahamu. Kabambe yangu ya vitufe ilikuwa imetumbukia ndooni, na mimi niliona kioo kikubwa tu, nikasema huenda siku moja nikamwona mwanangu uso.

Mwanangu yuko Uarabuni, kazi za nyumbani. Simu yake huwekwa na mwenye nyumba. Ijumaa, akipata ya kuazima, hunibipu mara mbili akakata. Maana yake ni mzima. Mimi sipokei, nisimlie mwenziwe salio. Nambari yangu ameihifadhi kichwani tangu shule, nyingine hana.

Simu mpya ikaikataa laini ile. Ni simu nzuri, sitasema uongo, picha zake safi, chaji inakaa. Lakini Ijumaa ile laini yangu ilikuwa pindoni mwa leso. Kama alibipu, alibipu leso.

Nikarudi dukani.

"Shikamoo mama. Imekushinda?"

"Marahaba. Haijanishinda, baba. Imenikataa."

Akacheka, hata nilipomweleza akaichukua simu akaigeuza. Kuifungua hakuweza, ufunguo wanao kampuni wenyewe. Akanibadilishia na kuukuu ya mtu, kioo kina ufa toka pembe hadi pembe, lakini inakula laini yoyote. Nilipunjika? Labda. Naye ana watoto wa kulisha.

Ijumaa iliyofuata nikakaa kizingitini baada ya swala. Majirani wako ndani na wageni wao. Ikalia, ikakata. Alhamdulillahi. Ikalia tena. Nikangoja ikate. Haikukata. Ikalia, ikalia, nami naitazama tu, nasema atakata sasa hivi. Ikanyamaza.

Ndipo iliponijia: Ijumaa iliyopita hakunipata. Pengine leo alitaka sauti.

Nikaipiga nambari ile. Akapokea mwanamke, akasema maneno ya Kiarabu, mengi, sikuambulia hata moja. Nikamwambia kwa Kiswahili changu hichi hichi, "Mwambie mamake yupo." Akasema tena neno, mara simu ikakata. Sijui ni yeye, sijui ni salio langu.