Visima vya Gujarat

Mama aliwaambia watu wa kikundi chake cha maombi kwamba ninawachimbia Wahindi visima. Mimi ni mwanaakiolojia. Kila majira ya baridi niliondoka Maryland kwenda Gujarat kufukua mji uliojengwa kabla Ibrahimu hajazaliwa, na mwaka mmoja nikampigia simu, nimejaa furaha ya kijinga, kumwambia tumefikia kisima cha matofali. Basi akashika hilo. Kisima ni kitu cha maana, kisima mtu anakiombea.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Yeye alikuwa akiwaogesha wazee wa watu huko Columbia, mji wa hapo hapo Maryland, na kazi yake niliitaja popote bila haya. Nilitaka kitu kimoja tu: asimame mbele ya wenzake aseme mwanangu anafukua miji. Lakini neno hilo la kufukua halikumtoka. Kwetu kinachofukuliwa ni kaburi.

Jumamosi moja, karibu nisafiri tena, nilimpeleka kwenye maombi katika mji wa Sterling. Nyumba ilijaa manesi na harufu ya chapati. Baada ya chai pasta akaniita mbele niombewe, mimi na visima vyangu. Mama akaangalia zulia. Ningenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini mimi na mdomo wangu! Nikasema sichimbi visima, pasta, nafukua nyumba za watu wa kale, na msimu huu tunaingia makaburini mwao. Nikaeleza hata bangili za kombe la baharini tulizozikuta kwenye mifupa ya mikono. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Pasta akaomba, tena maombi mafupi sana kwa mtu kama yeye.

Tukapanda gari, tukaingia barabara kuu. Nikamwuliza ataendelea kunionea aibu mpaka lini. Nilikuwa na maneno mengine mengi tayari, yamepangwa vizuri.

"Sikuonei aibu," akasema. Akashusha kioo kidogo, akakipandisha. "Wale Wahindi unajua hata walilazwa kichwa kikiangalia wapi. Babako umemtafuta lini?"

Baba alichukuliwa nyumbani kwetu Kenya na watu waliokuja na gari lisilo na namba, mimi nikiwa shule ya msingi. Mwili hatukupewa, wala hatukuuliza. Siku zile mtu hakuuliza. Hatukumzika, na kwa miaka yote hiyo mimi na Mama hatukuwahi kumtaja tukiwa wawili. Nikahamia njia ya polepole. Nikamwambia kweli, kwamba sijui hata nianzie wapi.

"Na kwa hao Wahindi ulijua?" Mama akasema. "Si ulianza tu."