Baba Haoni Pembeni

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu wa kijiji cha Kisiba kupata diploma, na sikusomeshwa na mtu. Mbeya nilibeba zege mchana na kusoma jioni, mpaka nikavaa joho kwa jasho langu. Niliporudi nilifungua duka la vifaa vya ujenzi mjini, pale Bulyaga, na diploma nikaitundika juu ya kaunta, kwenye fremu ya kioo, ili mteja anayeng'ang'ania bei ajue anaongea na nani. Nayasema haya mapema kwa sababu kijijini kwetu wapo wanaopenda kusahau.

Niliporudi nilimkuta baba ana kesi.

Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Mjini mambo yamelegea, lakini nyumbani kwa baba mwiko ule unashikwa kama zamani. Wakionana njiani, mwanamke hujitenga pembeni kwenye migomba, akainama na kujifunika khanga. Baba mkwe naye hugeuza uso na kupitia upande wa pili. Hawasemeshani, na chakula humfikia mzee kwa mkono wa mtu mwingine. Sasa baba alikuwa amemparamia mke wa mdogo wangu zaidi ya mara moja. Yule mwanamke amejibana pembeni ya njia, mzee anakuja tu, anamgonga bega.

"Labda haoni," niliwaambia wazee wa ukoo.

Baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa kikao, alicheka. "Haoni? Jumapili anasoma Biblia bila miwani. Herufi ndogo zile anaziona, mkwe mwenye mwili ule asimwone?"

Kikao kizima kilicheka. Baba alisema neno moja tu, "Sikumwona." Walimtoza dume lake la ng'ombe, ndilo pekee alilokuwa nalo, likachinjwa ili kuondoa aibu. Tangu hapo watoto wa jirani walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Ndipo mwaka jana wakaja watafiti wa chuo kikuu, wakakaa kwenye ukumbi wa kanisa. Walitaka kujua macho ya watu wa kwetu yakoje, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi kikongwe. Wazee wengi Kiswahili chao ni cha kuungaunga, hivyo akatakiwa mkalimani. Hawakumchukua mwalimu wala mwenyekiti wa kijiji. Walinichukua mimi. Nilivaa koti, nikasimama katikati yao, wao wakisema na mimi nikifasiri, na hapakuwa na swali lililonishinda.

Baba nilimleta mimi mwenyewe. Walimwonyesha herufi ukutani, akazisoma karibu zote, kwa sauti ya kanisani.

"Si niliwaambia?" alisema baba mdogo kutoka kwenye foleni. "Macho ya kijana haya. Mleteni na mkamwana aje apimwe bega."

Watu wakaangua kicheko. Mtafiti, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele ya baba, magoti yao yakikaribia kugusana, akanyoosha mikono yake pande mbili.

"Babu, niangalie puani tu. Ukiona vidole vyangu vinacheza, niambie ni upande gani."

Nikafasiri. Baba akamtazama puani, akatulia. Muda ukapita. Kisha akaniambia kwa Kinyakyusa, "Mwambie aanze basi, namngoja."

Binti alikuwa amekwisha kuanza. Vidole vyake vilikuwa vinacheza huku na huku, ukumbi mzima tunaviona.

Walimpima tena kwa mashine, wakanieleza. Ni presha ya macho. Haitoi machozi, haiumi. Inakula pembeni kwanza na kuacha katikati, mtu anabaki anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Biblia anaisoma. Aliyesimama kando yake kwake hayupo. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki.

Jumapili ile ile nilimfuata baba mdogo kwenye uwanja wa kanisa, mbele za watu, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nikamwambia ukoo una deni la dume moja na la kumsafisha mzee jina.

"Ng'ombe tulimla wote," alinijibu, akijichokonoa meno. "Hata wewe ulikula. Na diploma yako ile, haikukuonyesha?"

"Diploma yangu ni ya ujenzi."

"Basi jenga."

Hakuna aliyekuja kumpa baba pole. Lililobadilika ni moja. Mke wa mdogo wangu amesikia kwamba mzee haoni pembeni, kwa hiyo siku hizi hajisumbui tena kuingia kwenye migomba. Anampita kando yake na ndoo kichwani, kimya, kwa maana kumsemesha bado ni mwiko. Baba husikia nyayo.

"Nani?" huuliza.

Hajibiwi, naye anajua asiyejibu ni nani.

Matone ninanunua mimi, bora kabisa. Lakini baba anaogopa kumgonga mkwe tena, hivyo amejizoesha kukohoa ili aliye njiani ampishe. Anakohoa akitoka mlangoni, anakohoa njia nzima hadi chooni, na kurudi, hata kama nyumbani hakuna mtu. Majirani sasa wanasema ana kifua kikuu, na wanakaa naye mbali.